Tovuti ya nasaba imebadilishwa sura, na marehemu wameandikwa kuwa hai

Kwa Mshauri,

Mimi ndiye ninayetunza mti wa ukoo wetu, watu wa Seme, kwenye tovuti moja ya nasaba. Una watu kama 640. Mwezi uliopita wenye tovuti waliibadilisha sura bila kumuuliza mtu, na sasa sijui pa kushika.

Zamani nikifungua jina la babu nilikuwa naona vizazi vitano kwa pamoja. Sasa naona kadi kubwa tatu zenye vipicha vya duara, na nafasi tupu kila upande. Babu alikuwa na wake watatu. Siku hizi anaonekana na mikayi, mke wa kwanza, peke yake. Nyachira (mke wa pili) na reru (wa tatu) wamefichwa nyuma ya kimshale ambacho binamu zangu hawakioni, na nyumba ya tatu imeshaanza kunung'unika kwamba nimewafuta. Baba yake babu, aliyefariki kabla mama yangu hajazaliwa, ameandikwa kuwa yuko hai na jina lake limefichwa. Nilipokuwa nimeandika “Central Nyanza” sasa panasoma Nyanza, Rwanda! Ukitafuta Ong'ayo hupati mtu, na ukimfikia kwa njia nyingine unakuta ameandikwa Ong'ayo. Tarehe niliyoiandika “wakati wa Keya”, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, imebaki patupu. Viungo nilivyotuma kwenye kundi la WhatsApp la familia havifunguki tena, na kwenye simu ukurasa mmoja unamaliza bando kabla haujatulia.

Desemba tunakutana nyumbani na nimeahidi kuleta mti uliochapishwa. Je, sura ya zamani inaweza kurudi? Au nifute akaunti nihamie kwingine? Nikiwalalamikia wananijibu, “Asante kwa maoni yako.”

Mtunza Ukoo, Kondele, Kisumu

*

Dada Mtunza Ukoo,

Akaunti usiifute. Ukiifuta leo kwa hasira unaondoka bila mti, maana tovuti nyingi zikishafuta hazirudishi, na huenda picha walizopandisha ndugu zako chini ya mti wako zikaenda nazo.

Sura ya zamani haitarudi. Majuma ya mwanzo baada ya mabadiliko, baadhi ya tovuti huacha kiungo cha kurejea toleo la awali, kwa kawaida kwenye mipangilio ya akaunti au chini kabisa ya ukurasa. Kitafute, na ukikipata kitumie kufanya kazi ya kuhamisha tu, kwa sababu kitaondolewa. Usipokikuta, achana nacho. Wakibadilisha sura mara nyingi hubadilisha pia mitambo iliyo nyuma yake, kwa hiyo ukurasa wa zamani hauna tena pa kusimama. Na kwa maoni yangu hawakuichora sura hii wakikufikiria wewe mwenye watu 640. Walimchorea mgeni anayeingia kwa simu mara ya kwanza akiwa na majina manne. Ndiyo maana kadi ni kubwa hivyo.

Lakini tenganisha mambo mawili: kilichopotea na kisichoonekana. Katika malalamiko yako yote, ninashuku kilichopotea kweli ni kidogo sana. Njia ya kujua ni kuchukua faili ya mti wako na kuisoma kwa macho.

Faili hiyo huitwa GEDCOM na jina lake huishia na .ged. Tumia kompyuta badala ya simu, hata kama ni ya saiba. Ingia kama mwenye mti, kwa sababu aliyealikwa tu haoni kitufe hicho. Kwenye sura mpya kitufe cha “Export” kwa kawaida hakiko kwenye ukurasa wa mti; kimehamishiwa kwenye mipangilio ya mti. Kwenye Ancestry, kwa mfano, kiko huko. Tovuti nyingine hazikupi faili papo hapo bali hukutumia kiungo kwa barua pepe. Iwapo mti wako uko FamilySearch, hutapata kitufe chochote, maana kule ni mti mmoja wa dunia nzima ambao kila mtu anauhariri. Inabidi utumie programu kama RootsMagic au Ancestral Quest, ambazo zimeruhusiwa kuchota watu kutoka kule.

Watu 640 bila picha ni faili ndogo, mara nyingi haifiki megabaiti 1. Iweke kwenye flashi na ujitumie nakala kwa barua pepe. Kama uko saiba, toka kwenye akaunti, kisha ufute faili kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka pia. Ndani yake mna tarehe za kuzaliwa na majina ya mama za watu walio hai, na hayo ndiyo maswali ambayo watu huulizwa wakitaka kubadilisha nenosiri.

Sasa ifungue kwa Notepad. Ni maandishi matupu. Mtu mmoja anakaa hivi:

0 @I27@ INDI
1 NAME Ochieng /Ong'ayo/
1 SEX M
1 BIRT
2 DATE INT 1916 (wakati wa Keya)
2 PLAC Seme, Central Nyanza, Kenya
1 FAMS @F9@
1 FAMS @F10@
1 FAMS @F11@

Mistari mitatu ya FAMS ni nyumba tatu. Ukitafuta @F9@, @F10@ na @F11@ chini zaidi kwenye faili, kila moja ina mume (HUSB), mke (WIFE) na watoto wake (CHIL). GEDCOM haina shida kabisa na mitala. Mume yuleyule huandikwa kwenye familia tatu tofauti. Kwa hiyo mtafute babu yako humo. Ukikuta FAMS tatu, waambie watu wa nyumba ya tatu kwamba hakuna aliyefutwa. Tovuti inachora mke mmoja tu, yule aliyewekwa kama “mwenzi wa kuonyeshwa”.

Kwenye tovuti, mambo mawili husaidia. La kwanza, usitumie chati ya kupanda, ile inayotoka kwa mtu kwenda kwa wazazi wake, kwa sababu ina nafasi ya baba mmoja na mama mmoja. Tumia chati ya uzao, inayoanza kwa babu na kushuka. Hiyo huonyesha wake wote na kila mmoja na watoto wake. La pili, weka mwaka wa ndoa kwa kila mke, hata wa kukisia, kwa mfano ABT 1938, yaani “karibu na 1938”. Bila mwaka, tovuti nyingi huwapanga wake kwa utaratibu wake zenyewe, na ndipo reru anapojikuta ametangulia mbele ya mikayi. Hilo kwenye mkutano wa familia si jambo dogo.

Kuna suala lingine ambalo hukuliuliza lakini litakufikia: mtoto aliyezaliwa baada ya mume kufariki, mama akiwa na jater, yaani mwanamume aliyemrithi mjane. Kimila ni mtoto wa marehemu. GEDCOM ya 5.5.1, ambayo ndiyo bado inatumiwa sana, haina alama ya jambo hilo. Ina kuzaliwa, kuasiliwa na kulelewa. Mwache chini ya marehemu kama familia inavyomhesabu na uandike kwenye maelezo, ambayo usiyaweke hadharani mpaka mwenyewe au watoto wake wakubali.

Babu mkuu aliye “hai” ana sababu rahisi: hana tarehe ya kufariki. Tovuti hizi, kwa kulinda faragha, humhesabu mtu yu hai mpaka uziambie vinginevyo. FamilySearch hutumia miaka 110 tangu kuzaliwa, na nyingine zina viwango vyake. Asiyekuwa na mwaka wa kuzaliwa wala wa kufariki huangukia kwa walio hai, na kanuni ikikazwa kidogo wakati wa mabadiliko, kizazi kizima cha juu kinafichwa kwa siku moja. Huku kwetu wengi wa kizazi hicho hawana tarehe yoyote iliyoandikwa, kwa hiyo ukoo wako umeumia kuliko ukoo wa Uingereza. Mfungue kila mmoja, chagua kwamba amefariki, acha tarehe wazi au weka BEF 1945, yaani “kabla ya 1945”. Kwenye faili itatokea 1 DEAT Y, na hiyo inatosha. Anza na walio juu kabisa ushuke.

Ukishamaliza hapo, kagua upande wa pili. Mipangilio ya faragha nayo hubadilika wakati wa kuhama. Fungua dirisha la faragha la kivinjari bila kuingia kwenye akaunti, kisha utafute jina la mtoto wako au la mpwa wako. Likitokea na tarehe ya kuzaliwa, geuza mti uwe wa binafsi siku hiyo hiyo.

Rwanda. Tovuti mpya huwa na orodha yake ya mahali, na kila ulichoandika hulinganishwa nayo na kompyuta. Ulipoandika “Central Nyanza” bila kumalizia na Kenya, kompyuta ilitafuta Nyanza inayoijua na ikaukuta mji wa Nyanza, kusini mwa Rwanda, uliokuwa makao ya wafalme. Central Nyanza ilikuwa wilaya ya zamani, mikoa yetu nayo ilikufa na katiba ya 2010, na kaunti zikaanza kazi 2013, kwa hiyo orodha nyingi zina Kaunti ya Kisumu lakini hazina Central Nyanza. Andika mahali kuanzia padogo kwenda pakubwa na umalizie na nchi: kijiji, Seme, Kisumu, Kenya. Jina la zamani liweke kwenye maelezo, au kwenye sehemu ya “kama ilivyoandikwa” ikiwa tovuti inayo.

Ila hapa usikimbilie kubadilisha wote kwa mkupuo. Central Nyanza ilibeba Kisumu na Siaya ya leo. Ukibonyeza “badilisha zote ziwe Kisumu”, mabibi walioolewa kutoka Alego na Gem, kule Siaya, watahamishwa kaunti, na mwaka mmoja baadaye hutakumbuka nani alikuwa wa wapi. Wapitie mmoja mmoja. Na kwa anayependa usahihi wa kupindukia, mtu aliyezaliwa 1916 hakuzaliwa Koloni ya Kenya, kwa sababu jina hilo lilianza 1920. Kabla ya hapo ilikuwa East Africa Protectorate. Mimi ningeandika Kenya tu ili watu wapatikane.

Ong'ayo ameponzwa na alama yake ya ng'. Kuna alama mbili zinazofanana: iliyonyooka ' na iliyopinda ’. Baadhi ya kibodi za simu huweka iliyopinda, kibodi ya kompyuta kwa kawaida huweka iliyonyooka, na kwa tovuti hayo ni majina mawili tofauti. Hiyo ' unayoiona ndiyo namba ya alama iliyonyooka kwa lugha ya kurasa za intaneti, na tovuti imeshindwa kuigeuza iwe herufi. Kwanza angalia faili: kama mle ndani jina liko sawa, kosa ni la ukurasa, liache walitengeneze. Kama hata faili ina ', tumia “tafuta na ubadilishe” ya Notepad kwenye nakala, badilisha zote ziwe ' na vilevile zile zilizopinda. Hakikisha mmoja wa mistari ya juu unasema 1 CHAR UTF-8 (aina ya usimbaji wa herufi), na uhifadhi kwa UTF-8. Kwa utafutaji, jaribu Ong*ayo; nyota husimama badala ya herufi yoyote kwenye tovuti nyingi.

“Wakati wa Keya” imepotea machoni kwa sababu sehemu ya tarehe sasa inakubali tarehe pekee. Itafute kwenye faili. Ikiwa bado ipo, iandike kwa namna niliyoonyesha juu: INT (yaani “imefasiriwa”), mwaka unaoukadiria kati ya 1914 na 1918, halafu maneno yenyewe ndani ya mabano. Programu inapata mwaka wa kupangia na wewe unabaki na maneno ya wazee. Kama hata kwenye faili haimo, basi hiyo imepotea kweli. Chukua daftari lako la zamani na uiandike upya, safari hii kwenye maelezo pia.

Picha hazimo kwenye GEDCOM. Utaona tu mstari wa FILE wenye anwani ya tovuti, na anwani hiyo ikifa picha imekwenda. Zipakue moja moja kwa ukubwa wake kamili. Usipige picha ya skrini, maana unapata ubora wa skrini tu. Ukizituma kwa ndugu kupitia WhatsApp zitume kama hati, kwa kuwa zikitumwa kama picha hubanwa. Ipe kila picha jina linaloanza na mwaka na namba ya mtu, kwa mfano 1958_I27_harusi.

Viungo vilivyokufa havina dawa kubwa. Wayback Machine ya Internet Archive huhifadhi kurasa zilizo wazi kwa umma tu. Kama ukurasa wako ulihitaji kuingia kwa nenosiri, haumo. Lakini anwani ya zamani mara nyingi ina namba ya mtu ndani yake. Inakili, fungua mtu yeyote kwenye tovuti mpya, na uiweke mahali pa namba yake kwenye anwani. Mara nyingine hufunguka. Kwenye kundi, kuanzia sasa tuma jina na namba ya mtu badala ya kiungo kitupu.

Kuhusu kadi kubwa: kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na alama ya kutoa mpaka ufike asilimia 67, utapata vizazi zaidi kwenye skrini. Ukurasa ukionekana nusu wa zamani nusu mpya, bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja. Kwenye simu, “Desktop site” itakuonyesha watu wengi zaidi lakini haipunguzi bando hata kidogo.

Kuhama? Ukihamia tovuti nyingine, nayo itabadilishwa. GeoCities ilifungwa 2009 na kurasa nyingi za familia ndani yake; orodha za barua pepe za RootsWeb, zilizotumiwa na watafiti wa nasaba kwa miaka mingi, zilisitishwa 2020. Mti ulio kwenye tovuti ya watu ni mahindi yaliyo kwenye ghala la jirani. Weka nakala kuu kwenye kompyuta ya nyumbani, na tovuti ibaki mahali pa kuonyeshea ndugu.

Programu ninayoipendekeza ni Gramps. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Tengeneza mti mpya mtupu, kisha uingize faili ya .ged ndani yake. Usiingize mara ya pili kwenye mti uleule, utapata kila mtu mara mbili. Chini ya dirisha itakuonyesha idadi ya watu. Ilinganishe na ile ya tovuti. Ikipungua, mara nyingi ni kwa sababu tovuti imekunyima walio hai.

Gramps ina faida moja kubwa kwa majina yetu: jina la mwisho unaweza kuliandika kwamba ni la baba, si la ukoo, kwa hiyo haikulazimishi kudhani kila Ong'ayo ni ndugu. Na “nyar Alego” au “nyar Gem”, yaani binti wa Alego au wa Gem, unamwekea mama kama jina la pili, akatafutika kwa yote. Ukimaliza kazi ya siku, hifadhi kwa muundo wa .gpkg, ambao hubeba watu pamoja na picha. Nakala moja kwenye flashi, nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Kwa Desemba usijaribu kutia watu 640 kwenye chati moja ya A4; majina yatakuwa nukta. Chapisha vitu viwili. Cha kwanza ni ripoti ya kina ya uzao kwa maandishi, kwenye A4, kitabu kimoja kwa kila nyumba. Chagua mtindo wa namba wa d'Aboville: babu akiwa 1, watoto wake ni 1.1, 1.2, na wajukuu 1.2.1, hivyo hata shangazi asiyetumia simu atajua mjukuu yuko chini ya nani. Cha pili ni chati ya ukutani ya majina matupu mpaka wajukuu tu. Ihifadhi kama PDF ya ukubwa wa A1 na uipeleke kwa wachapishaji wa mabango mjini. Usiwapelekee picha, itatoka na ukungu. Kwenye ripoti nyingi Gramps hukuuliza kuhusu watu walio hai. Chagua waonekane kwa majina bila tarehe.

Mwisho, malalamiko yako. “Asante kwa maoni yako” ndilo jibu la anayelalamikia sura kwa ujumla. Andika barua moja kwa kosa moja: kifaa, kivinjari, namba ya mtu, ulichobonyeza kwa mfuatano, ulichotarajia, ulichokiona, na picha ya skrini. Wakikataa kukupa data yako, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 38, inakupa haki ya kuipata kwa muundo unaosomeka na kompyuta, nao wana siku 30; inawahusu hata walio nje ya nchi wanaoshughulikia data ya watu walioko hapa. Haki hiyo ni ya data yako wewe, si ya babu aliyefariki, kwa hiyo usiitegemee kwa mti mzima.

Anza na barua ya Rwanda, kisha ya '. Hizo ni data zilizoharibika, na fundi hawezi kusema ni suala la kupenda au kutopenda. Ya kadi kubwa itume baadaye, ukishakuwa na faili mkononi.